Moja Kafa, Betri Imekwisha

Kompyuta ilitoka kwa mdogo wangu aliye Marekani. Ililetwa na msafiri aliyepitia Bujumbura na Uvira, imefungwa ndani ya jaketi la baridi ambalo hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, hakuna wa kulivaa. Maagizo yalikuwa mafupi: ni ya watoto, wasomee. Lakini pembeni ya vitabu vya hesabu aliacha mchezo mmoja wa zamani, Icewind Dale, uliotengenezwa na Black Isle Studios ukatolewa mwaka 2000, kwa sababu, alivyosema kwenye ujumbe wa sauti, huo unakwenda hata kwenye mashine kuukuu kama hii. Vitabu vya hesabu bado vipo. Havijafunguliwa.

Mchezo wenyewe si wa kufyatua risasi na kukimbia. Kabla hujaanza unaunda watu sita: wa upanga, wa kuponya, mwizi wa kufungua makufuli, mchawi wa kusoma vitabu, na kadhalika. Sita hao hutembea pamoja, hula hasara pamoja. Wakikutana na adui, unabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, dunia yote inaganda, unamwagiza kila mmoja la kufanya, kisha unaiachia dunia iendelee. Watu sita. Na sisi nyumbani tuko sita. Tungekuwa watano au saba, labda tungepona.

Baba watoto alichukua mpiganaji wa mbele. Kijana wetu mkubwa akachukua wa upinde. Binti wa miaka kumi na miwili alimtaka mwizi kwa haraka iliyonitia mashaka. Mimi nikawa mchawi, na hakuna aliyeshangaa. Kitinda mimba akachagua mwimbaji, kwa kuwa kulikuwa na mtu anayelipwa kwa kuimba wenzake wakipigana. Akabaki mama mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisema kitu hiki ni cha shetani. Alipoambiwa kuna nafasi ya kuombea na kuponya wagonjwa, alivuta kigoda chake.

Tukakwama kwenye majina. Mama alikataa katakata tuandike ya kwetu. "Jina la mtu," alisema, "haliingizwi mahali linapoweza kufa." Basi? Basi tutumie namba, kama Wakuba. Aliyakuta masimulizi hayo kwa wazazi wake: wale waliovuka ziwa kutoka Kigoma wakashuka Kibamba mwezi wa nne mwaka 1965, wakaja kupigana pamoja na waasi walioitwa Wasimba, wakayaficha majina yao nyuma ya hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che Guevara mwenyewe akawa Tatu. Kwa kuwa alikuwa daktari na alitibu watu, wakamwita Tatu Muganga. Mama akaichukua Tatu papo hapo, hakumwuliza mtu. Mume wangu akawa Moja. Mimi Tano.

Safari inaanzia Easthaven, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na hapo tu tungeweza kujiona nyumbani, isipokuwa kila mahali ni theluji. Sisi barafu tunaijua ya vipande, ya kuwekea samaki. Mama aliuliza ziwa likiwa gumu wale watu wanakula nini, na hatukuwa na jibu. Kisha tukakutana na mtoto anayelia: samaki wake wameporwa na zimwi moja dogo. Binti yetu, mfasiri wetu, ambaye Kiingereza chake ni cha nyimbo na kamusi iliyopoteza jalada, alitaka turuke, kuna vita mbele. Mama akaweka mkono juu ya kibodi. Hakuna kwenda popote mpaka samaki wa mtoto warudi. Jioni nzima ikaishia hapo.

Kuhusu deraya nitasema kwa ufupi kwa sababu mhusika anasoma. Mchezo huu unafuata kanuni za zamani ambamo namba ya kinga inavyoshuka ndivyo mtu anavyozidi kuwa salama. Asiye na kitu mwilini ana 10, mwenye deraya nzito ya chuma ana 3. Baba watoto, mtu aliyeuza na kununua nyavu miaka yote hii, alisema hakuna atakayemwambia kwamba tatu ni zaidi ya kumi. Moja akapigana siku mbili karibu uchi, anadundwa na kila anayepita, na Tatu Muganga anamaliza sala zake zote juu yake peke yake. Kitinda mimba, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyemvalisha, mwenye nyumba akiwa chooni.

Sasa betri.

Umeme wetu ni wa jua: paneli mbili juu ya bati, na betri mbili kubwa ambazo kwa haki si za nyumba, ni za mtumbwi. Ndizo zinazowasha taa za kuvulia ndagala, wale wanaoitwa dagaa ng'ambo, kule Kigoma. Ndagala hufuata mwanga usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanarudi nyumbani kushona nyavu na kuwasumbua wake zao. Kwa hiyo tulianza mchezo wakati wa mbalamwezi, betri zimejaa na hazina kazi, na kila mtu alikubali kwamba ni busara kuzitumia. Makubaliano yalikuwa: mwezi ukianza kupungua, kompyuta inafungwa.

Mwezi ulipungua. Sisi tulikuwa tumefika Dragon's Eye, ndani ya mlima, kwenye mapango ya watu-mijusi. Huwezi kumwacha mtu pale. Tukasema nusu saa tu baada ya chakula. Nusu saa ya watu sita ni saa tatu. Na mvua zilikuwa zimeanza, mawingu yamelala juu ya Ubwari kutwa nzima, paneli zinapata mwanga wa kuombaomba.

Usiku wa kwanza wa giza Baba watoto na wenzake waliondoka na betri zote mbili. Kutoka ufukweni taa za mitumbwi kwenye Ghuba ya Burton huonekana kama mji mwingine, na mimi nilikuwa nimezoea kuitafuta yetu kabla ya kulala. Baba watoto alisimulia asubuhi. Saa nane za usiku, samaki wameshajaa chini ya mwanga, wavu unangoja kuinuliwa, taa ikawa ya njano, ikawa nyekundu kama kaa la sigara, ikazima. Ndagala hawana adabu ya kusubiri. Jirani alikuwa na taa nzuri umbali wa kurusha jiwe, nao wote wakahamia kwake. Akarudi na nusu ndoo. Wenzake kwenye mtumbwi hawakumsemesha njia nzima, na mmoja alikuwa shemeji yake.

Alikaa mezani, akafungua kompyuta ili ajue ilitumika kiasi gani. Ikawaka kwa moto wake mdogo wa ndani. Pale ambapo huwa kuna nyuso sita kulikuwa na tano hai na moja ya maiti.

Moja amekufa. Na kumbukumbu ilikuwa imehifadhiwa juu ya ile ya zamani, kwa hiyo amekufa kabisa.

Kesi ilisikilizwa palepale, kabla ya chai. Binti alishitakiwa kwanza, kwa kuwa ni mwizi hata kwenye mchezo, akaapa. Kijana mkubwa alikuwa amelala kwa rafiki yake. Mimi niliulizwa nikakana kwa sauti ambayo haikumridhisha hata mtoto mdogo. Ndipo yeye mdogo akaonyesha tarehe ya ndani ya mchezo: tangu tulipoacha jioni ya juzi, zilikuwa zimepita siku kumi na tisa. Watu wetu sita walikuwa wamelala usingizi pangoni siku kumi na tisa.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa na majeraha," akasema. "Ninyi mlifunga mkaenda kulala, mwanangu anavuja damu. Nikamlaza."

Kumbe aliamka usiku ule wa juzi, wakati sisi tunakoroma. Hajui Kiingereza, ila alikuwa amekariri kitufe cha kulala na kitufe cha kuhifadhi, alivyofundishwa na mjukuu wake kwa malipo ya karanga. Katika mchezo huu usingizi wa saa nane humrudishia majeruhi nguvu kidogo sana. Aliona nyekundu bado ipo, akamlaza tena. Na tena. Kila baada ya usingizi, anahifadhi, kama mtu anayefunga mlango vizuri. Asichokijua ni kwamba ukilala kwenye pango la maadui wanakuja kukuamsha. Walikuja mara kadhaa. Mara ya mwisho Moja hakuamka, na Mama, aliyeona wote wametulia, akahifadhi. Kisha kile kisanduku cha kugeuzia umeme kikaanza kupiga kelele kwamba betri inaisha, akakizima kwa kukifunika na mto.

Baba watoto alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Mtu hawezi kumgombeza mama yake kwa kosa la kumwuguza.

"Anafufuka," binti akasema, akipekua kamusi. "Kuna hekalu Kuldahar. Unalipa dhahabu."

"Tunayo dhahabu," mume wangu akasema, uso ukianza kufunguka. "Tulikuwa nayo nyingi."

Hapo nikakumbuka nina nguo za kuanika. Siku tatu kabla, wote wakiwa kanisani, nilikwenda peke yangu kwenye mnara wa mzee mmoja wa mle mchezoni anayeuza karatasi za uchawi nikanunua moja ya bei ya juu kabisa. Mchawi akijaribu kuinakili karatasi kwenye kitabu chake anaweza kushindwa, na akishindwa karatasi inateketea. Tano alishindwa. Nikahifadhi, maana sikujua kitufe kingine.

Wakahesabu mfuko wa wote. Wakahesabu tena. Macho ya watu watano yakanifuata mpaka mlangoni.

Mama ndiye aliyevunja ukimya. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama vidonge, akazinyoosha moja moja juu ya kibodi.

"Waulize hapo hekaluni," akamwambia binti, "kama wanapokea faranga."