Zimwi Likujualo

(Sebuleni, saa saba usiku. Mwenye nyumba amepitiwa na usingizi kwenye kochi, simu kifuani. Runinga bado inawaka. Chini yake yupo Deki wa DVD, amefunikwa kitambaa cha kufuma. Juu ya stuli yupo Rimoti, amefungwa mpira ili betri zisidondoke.)

RIMOTI: Shikamoo, Mzee Deki. Umelala?

DEKI: Marahaba, mwanangu. Nitalalaje kwa vicheko vile? Saa moja na ushee mwenye nyumba na wageni wake wameitazama Plan 9 from Outer Space, picha ya Ed Wood ya miaka ya 1950, wakaisifu mpaka mate yakawakauka. Mtu akipita makaburini, mawe ya makaburi yanayumba, makofi! Bela Lugosi, yule Drakula wa sinema, alifariki mwaka 1956 akiwa amepigwa picha vipande vichache tu, basi nafasi yake ikashikwa na tabibu wa mifupa wa mke wa Ed Wood. Huyo ni mrefu kuliko marehemu, na anapita kajifunika joho usoni ili tusimtambue. Makofi tena! Wakasema hiyo ndiyo kazi ya watu wenye moyo. Kisha mmoja akanitia CD ya Shumileta, ya Mussa Banzi, ile ya jini wa kike anayempenda binadamu. Hawakufika nayo mbali, wakaizima. Eti jini mwenyewe anaonekana kabisa ni mtu.

RIMOTI: Walitaka aletwe jini halisi?

RUNINGA: Msianze uzalendo wenu. Mimi ni inchi 55, mtu kanilipia apate picha safi. Plan 9 ilitangazwa na waandishi wa Marekani, kina Medved, kuwa filamu mbaya kuliko zote duniani, mwaka 1980. Ile ni historia, mzee. Watu wanaitazama kwa kuujua ubaya wake. Bongo movie ni mbaya tu, haina historia.

DEKI: Kwa hiyo ubaya ukipigwa mhuri Marekani ni historia, ukitengenezwa Dar es Salaam ni aibu ya taifa. Sikatai watu wacheke, wala sisemi Ed Wood alijua kazi. Nasema kitu kimoja: kipimo kiwe kimoja. Chukua Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. Picha nzima iligharimu dola kama 114,000. Damu yake ni sharubati ya chokoleti, maana picha haina rangi na chokoleti hutoa weusi mzuri. Sehemu kubwa ya kisa ni watu waliojifungia ndani ya nyumba moja ya shamba huko Pennsylvania, wakigombana huku maiti zikigonga madirisha. Stelingi ni Duane Jones, mtu mweusi, na mwishoni anapigwa risasi na haohao waliokuja kuokoa watu.

RIMOTI: Stelingi anakufa? Na wamemwacha hivyohivyo?

DEKI: Wamemwacha. Romero hakuwa na bosi wa studio wa kumwambia stelingi hafi. Ndiyo faida ya picha ya senti chache: hakuna mwenye pesa nyingi za kuogopea, basi mtengenezaji anathubutu. Na walikuwa wazembe pia! Msambazaji alibadilisha jina la filamu, akasahau kurudisha tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya kila mtu. Kila mwenye mashine ya kurudufu kanda akaiuza bila kuiba. Kwa kosa hilo iliingia majumbani dunia nzima, na leo inafundishwa vyuoni. Uzembe wa kina Romero tumeusamehe, tukaupa na shahada.

RUNINGA: Dola 114,000 si njaa hiyo, mzee. Kwa Kariakoo huyo ni tajiri.

DEKI: Basi twende Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa fedha inayosemekana haikufika dola 200. Kompyuta aliziunga mwenyewe, bunduki ni vyuma chakavu, damu ni maji mekundu ndani ya kondomu. Alipotaka kutengeneza picha nyingine kompyuta ikajaa, akaifuta nakala mama. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayesimulia, anatania, anawapigia debe wapiganaji tangu mwanzo hadi mwisho. Wazungu wanaiabudu. Na mwenye nyumba wetu aliijua lini? Baada ya Wazungu kuiabudu. Kampala hapo ni mwendo wa basi, sifa zake zikazungukia Ulaya ndipo zimfikie Sinza!

RIMOTI: Mimi shahidi. Alinibonyeza kuitafuta siku aliyosoma kwamba kuna Mmarekani kaisifu.

RUNINGA: Lakini tusemezane ukweli. Ukiwa mtazamaji hulazimiki kuvumilia. Nimeonyesha Bongo movie ambayo gari linafika getini...

RIMOTI: Honi!

RUNINGA: ...honi, mlinzi anatoka, anarudi kutafuta funguo, anafungua upande mmoja...

RIMOTI: Upande wa pili umekwama!

RUNINGA: ...gari linaingia, linageuza, linarudi nyuma, mtu anashuka, anafunga mlango, amesahau mkoba, anafungua mlango, anapanda ngazi, anagonga, "Karibu," "Asante," "Karibu kiti," "Unatumia kinywaji gani?", kisha maandishi: Usikose Sehemu ya Pili!

DEKI: Hapo umenikamata, na sitawatetea. Kukata kisa kimoja vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili ni wizi, na muziki unaomeza maneno ya waigizaji ni uvivu. Getini hapagharimu chochote kukata. Ni mkasi tu, na mkasi maskini anao. Lakini angalia, mama: hayo ni makosa ya tamaa na uvivu, si ya umaskini, na yahukumiwe hivyo. Jini kuvaa nguo za dukani si kosa la aina hiyo. Picha ya kutisha ya bei nafuu haijengwi kwa nguo. Inajengwa kwa giza, kimya na kungoja. The Blair Witch Project ya 1999 haikuonyesha mchawi hata ukucha, na iliingiza karibu dola milioni 250 kwenye majumba ya sinema. Sasa jiulize giza na kimya vinatoka wapi. Nusu vinatoka kwa mtengenezaji, nusu anavitoa anayetazama.

Leo usiku, ilipowekwa Plan 9, taa zilizimwa, simu zikafichwa, mmoja akakemewa kwa kutafuna bisi. Ilipowekwa Shumileta taa ziliwashwa, mmoja akajibu meseji, mwingine akauliza chakula kiko wapi, mwenye nyumba akapunguza sauti aangalie matokeo ya mpira. Kisha wakatoa hukumu: haitishi! Hata kaburi halisi halitishi ukilitazama kwa jicho moja huku jingine liko kwenye simu.

Zamani kwenye vibanda vya video watu walibanana kwenye mabenchi, joto, jasho, Derek Mukandala, yule Lufufu, akiwasimulia kwa Kiswahili Karishika, picha ya mashetani kutoka Nigeria. Lufufu alitania, lakini alikuwa ameitazama mpaka mwisho, na wasikilizaji wake walirudi nyumbani wakiogopa kwenda chooni. Picha ilikuwa chafu kuliko hii yako ya inchi 55.

RIMOTI: Zimwi likujualo...

DEKI: Hilo usimalizie, maana huyu mwenye nyumba halijui la kwao. Analijua la California. Anaweza kukutajia daktari aliyejifunika joho, hawezi kukutajia mwigizaji mmoja wa Nsyuka, ambayo Banzi huyohuyo aliitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu kesho atakaa na wenzake kulalamika kwamba sinema yetu haikui!

RUNINGA: Anajigeuza. Mwambie basi, yuko hapo.

DEKI: Bwana mkubwa, amka. Simu ipeleke chumbani. Zima taa. CD bado iko tumboni mwangu. Itazame mpaka mwisho, kama ulivyomtazama Ed Wood, halafu ndipo useme ni mbaya.