Chongo Niliyoiita Kengeza

Aliyeiona kwanza ni mama mkwe. Tulifika Ilula saa mbili usiku, mimi na Mama Neema, magoti yamekufa ganzi kwa baridi ya Kitonga, na kabla sijazima injini mama alikuwa ameshatoka mlangoni na tochi yake. Hakusubiri hata kuamkiwa.

“Hiki chombo chenu kina chongo.”

Nikavua helmeti. “Kamwene, mama. Si chongo, ni kengeza kidogo tu. Nitairekebisha.”

Mama Neema, aliyekuwa bado anakifungua kikapu mgongoni, akacheka puani. “Ukipenda,” akasema, na methali iliyobaki akaniachia niimalize mwenyewe.

Pikipiki yenyewe ni Suzuki V-Strom 650, ya safari ndefu, niliyoinunua kwa Mwingereza aliyeishiwa safari na pesa kwa pamoja hapa Morogoro. Tangi lake linameza lita 22, kiti kinamtosha mke na mizigo ya kwao, na mbele ina taa mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu kama macho ya bundi. Hapo ndipo aibu inapoanzia. Bodaboda ina jicho moja tangu kuzaliwa na hakuna anayeishangaa, lakini ya kwangu ikipoteza taa moja inaonekana imetoka kupigwa. Na jicho la kushoto lilikuwa limezimika wiki mbili kabla ya safari. Nilijua. Kule Ilula sikulisema hilo. Lilisemeka siku ya kurudi.

Mama Neema na mama yake huagana kwa awamu. Kuna kuagana kwa ndani, kuagana kwa mlangoni, kisha kuagana kwa kukumbuka kwamba nyanya hazijafungwa. Tuliondoka saa nane badala ya saa nne, na tukaingia Mikumi jua limeshazama. Barabara kuu inaipasua hifadhi ile kwa kilomita 50 hivi, na pembeni kuna bango lenye faini za kugonga wanyama, mnyama kwa bei yake, kama orodha ya vyakula mgahawani. Nilikuwa nakwenda polepole, jicho moja linapapasa lami, nilipoona miti minne inavuka barabara.

Nikafunga breki. Mama Neema, aliyekuwa anatazama juu, hakuona miti. Aliona twiga, kuanzia kifuani hadi pembe. Mwanga wangu ulikuwa umeishia magotini.

Hakupiga kelele. Alisubiri twiga amalize kuvuka, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu: “Baba Neema, hiyo taa imekufa lini?”

Nikamwambia. Kimya kilichofuata kilitufikisha mpaka Msamvu. Nyumbani hukumu ikatolewa kwa kifupi: Krismasi anakwenda tena kwao, na kama pikipiki haina macho mawili ya kuonea twiga mzima, yeye anapanda basi.

Kubadili globu ya taa ni kazi ya dakika tano. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, na ndiyo maana sikutaka kusikia habari ya fundi. Globu yenyewe si ya ajabu: ni H4, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, miguu mitatu nyuma, ile ile inayotumika kwenye magari mengi ya zamani. Duka lolote la vipuri linayo. Asiyekuwa nayo ni mkono wa kuifikia. Nyuma ya taa za V-Strom kuna nafasi ya kutosha mkono wa mtoto: huku dashibodi, huku vyuma vya kushikilia kava, katikati waya zimejazana kama tambi. Unapapasa gizani. Kwanza unachomoa plagi, kisha unavua raba ya kuzuia maji na vumbi, halafu unatafuta kwa ncha za vidole klipu ya waya yenye springi inayoibana globu. Klipu ile ina tabia ya paka. Ikitaka inakubali, isipotaka inakukwaruza.

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo pikipiki iliingia sebuleni. Mama Neema alitandika khanga yake kuukuu chini ili skrubu zisipotee, akaweka sahani ya maandazi karibu yangu, ishara kwamba suluhu inawezekana. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa nimekula manne, mkono umechubuka mpaka kwenye kiwiko, na globu mpya imekaa. Taa ikawaka. Neema akapiga makofi.

Mama Neema ndiye aliyeokota boksi tupu chini. Ni mtu wa kusoma maandishi yote, hata ya kwenye kiberiti. “Mbona hapa wamechora kidole kimepigwa mstari?”

Nikamwambia ni urembo wa boksi.

Globu iliishi siku nne. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kioo kile si cha kushikwa. Kikiwaka kinafika mamia ya digrii, na mafuta ya vidole yakiganda juu yake, sehemu ile inapata moto kuliko zote na kioo kinavimba au kinapasuka. Ya kwangu haikuwa imepakwa mafuta ya vidole tu. Ilikuwa imekaangwa na andazi.

Mtu mwenye busara angenunua nyingine kama ile na kuishika kwa kitambaa kisafi. Mimi niliona aibu ya kurudi pale pale nilipoanzia. Muuza duka akanionyesha globu za wati 100 kwa 90, akasema za kawaida ni za wanaokwenda sokoni. Nikachukua mbili. Sikupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: dimu mbili za wati 90 ni 180, kwenye volti 12 hizo ni ampea 15, zinapita kwenye waya uliotengenezwa kwa ampea tisa hivi. Fyuzi ilijaribu kunionya kwa kukatika. Nikaweka kubwa zaidi. Jioni ile injini inaunguruma uani, taa zinawaka kama harusini, Mama Neema akatoka jikoni mbio. “Nani kaacha pasi?” Akazunguka vyumba vyote akinusa. Pasi ilikuwa kabatini. Kilichokuwa kinaungua ni plagi ya taa ya kushoto, plastiki yake inadondoka taratibu juu ya kava kama nta.

Hapo nilipaswa kumwita fundi. Mama Neema aliniambia hivyo, mara mbili. Lakini nilikuwa nimeshaona, kwenye simu ya kijana mmoja pale Msamvu, taa za LED. Zinakula umeme kidogo, alisema, kwa hiyo waya hauungui. Hilo ni kweli. Alisema pia kila moja ni wati 200, jambo ambalo lingehitaji feni ya dari kuipooza, na ile ilikuwa na kifeni cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Sehemu ya kweli ikanifanya niamini na ya uongo. Nikabandika plagi nyingine, nikachomeka. Raba ya nyuma ikakataa kuvaa kwa sababu ya kifeni, nikaikata kwa kisu cha jikoni.

Usiku nikawasha. Sijawahi kuona mwanga wa namna ile. Mwembe wetu ulionekana jani kwa jani mpaka kileleni. Popo wakahama. Ukuta wa nyumba ya jirani yetu, mwalimu mstaafu, ukawa mweupe kama karatasi, na dirisha la chumba chake likafunguka, akatokea yeye mwenyewe, mkono juu ya macho.

“Shikamoo, Mwalimu!”

“Marahaba. Kuna nini, wameniletea ambulansi?”

Nikazima. Nilipoiingiza pikipiki barabarani ndipo nilipopata pigo lenyewe. Mbele ya tairi kulikuwa na dimbwi la mwanga mkali, baada yake giza, halafu juu kabisa, kwenye nguzo za umeme, mchana. Kila aliyekuja mbele yangu alinipigia fulu, nami nilikuwa kwenye dimu.

Tatizo si LED, ni nyumba zilimopangishwa. Ndani ya H4 mna nyuzi mbili. Ule wa dimu umekalishwa juu ya kikombe kidogo cha bati kinachouzuia mwanga usishuke, hivyo ni nusu ya juu tu ya kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya taa inayoupokea na kuurusha chini, barabarani. Kila mkunjo wa kioo kile umepimwa kwa uzi mwembamba uliokaa pale hasa. Ukiweka badala yake kibati chenye vidoa vya mwanga ubavuni, vimesogea milimita moja au mbili, kioo hakina habari. Kinautupa popote. Taa iliyobuniwa kuwa ya LED tangu kiwandani ni kitu kingine kabisa. Mimi nilikuwa nimemvalisha mtu miwani ya mwingine.

Wiki iliyofuata mvua ikapiga, maji yakaingia kupitia raba niliyoikata, na asubuhi taa zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani.

“Sasa ina mtoto wa jicho,” akasema Mama Neema. Hakucheka.

Fundi umeme wa magari alikuja Jumamosi. Aliyemwita si mimi. Hakuuliza maswali ya kuniaibisha, alitoa tu mita yake na kupima: kwenye betri volti 13.9, kwenye plagi ya taa 12.1. Akaniambia umeme unachoka njiani, kwenye swichi, kwenye viungo vyenye kutu, kwenye waya mwembamba nilioubabua mwenyewe. Na globu ya aina hii ikipungukiwa volti kidogo, mwanga unapungua sana. Karibu theluthi ya mwanga wangu ilikuwa haijawahi kufika kwenye taa, pengine tangu enzi za yule Mwingereza. Nilikuwa nimehangaika miezi miwili kuongeza nguvu mahali palipohitaji njia tu. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi yake na rilei mbili, swichi ya zamani ikabaki na kazi ya kuamrisha. Akatuandikia: globu mbili za kawaida, 60 kwa 55, na raba mpya.

Alipofika kwenye kuingiza globu ya kushoto, mkono wake ukakwama palepale ulipokwama wangu. Nakiri nilifurahi.

“Neema,” mama yake akaita, “kanawe mikono kwa sabuni.”

Neema ana miaka kumi na mmoja. Akaja amevaa glavu za plastiki anazotumia mama yake kupaka nywele dawa, zinampwaya vidoleni. Mama Neema akashika kioo cha kabati la vipodozi nyuma ya dashibodi, akimwelekeza: “Mguu mpana juu. Juu, mama. Sasa ibane.” Klipu ikalia tik. Dakika tano, kama nilivyokuwa nimesema.

Kupanga mwanga ndiko kulikobaki, na ukuta pekee ulionyooka mtaani ni ule wa Mwalimu. Nilikwenda kuomba na kilo mbili za sukari. Akakubali kwa sharti kwamba atapima yeye. Akatoka na chaki na rula ndefu ya mbao, akaweka alama ya kimo cha taa ukutani, tukasogeza pikipiki nyuma mita tano, akachora mstari wa pili sentimita tano chini ya ule wa kwanza. Dimu iishie hapo, akasema, isivuke hata kwa bahati mbaya. Nilifurahi kwamba aliyeniuzia alitoka nchi inayopita kushoto kama sisi. Ingetoka Ujerumani, ule upande wa mwanga unaopanda juu ungekuwa wa kulia, machoni mwa anayekuja.

“Ukae na mzigo wako wa safari,” akaongeza Mwalimu. “Nyuma ikibonyea, taa zinainuka.”

Mama Neema akapanda nyuma, kikapu na kiroba cha mchele mapajani. Mwanga ukapanda ukutani, ukapita mstari, ukagota kwenye kizingiti cha dirisha.

“Unaona?” nikasema, na papo hapo nikajua nisingesema.

“Naona nini, Baba Neema?”

“Mchele. Mchele ni mzito.”

Kuna kitasa cha kuongeza ugumu wa springi ya nyuma, ubavuni mwa pikipiki. Nikakizungusha kwa kichwa kilichoinama, mwanga ukashuka taratibu mpaka kwenye mstari wa chaki, Mwalimu akaupigia alama ya vema.

Krismasi tulikwenda na kurudi. Mikumi tuliipita gizani kama kawaida, kwa sababu zilezile za nyanya, na kulikuwa na pundamilia wawili pembeni niliowaona mimi kwanza, miguu na vichwa. Mama Neema hakusema kitu, ila alinibana mbavu kidogo kwa magoti, na mimi nikalichukua hilo.

Zile LED sikuzitupa. Zimegharimu. Moja nimeifunga kwenye betri ya zamani, nikaitundika kwenye banda la kuku, maana nimesikia mwanga huwafanya watage. Mayai hayajaongezeka. Jogoo sasa anawika saa nne usiku, na jana nimemwona Mwalimu dirishani kwake na ile rula yake, anapima pazia.