Aliyetia Chumvi Kisimani

Nzuguni nzima, hapa Dodoma, sasa inajua kuwa mimi ndiye niliyetia chumvi kisima cha mama mwenye nyumba wetu. Nimelisikia kwa muuza mkaa. Nimelisikia kwa mtoto wa darasa la pili aliyetumwa dukani, akasimama njiani kunikagua, kisha akauliza kwa adabu zote: "Shikamoo dada, ni kweli ulimwaga mfuko mzima?" Na jana jioni mama mwenyewe alitoka na sinia, juu yake glasi moja ya maji, akanisogezea mbele ya wapangaji wote wakiwa barazani.

"Onja, mtaalamu."

Nikaonja. Yangefaa kuchemshia muhogo.

"Haya," akasema mama, "sasa eleza."

Kabla sijafungua mdomo kila mpangaji alikuwa ameshaeleza kwa niaba yangu. Basi nieleze hapa, ambako hakuna wa kunidakia.

Mama alitaka kisima kwa sababu bomba la mtaani kwetu lina ratiba inayojulikana na bomba lenyewe. Alipopokea fedha yake ya vikoba akanijia mlangoni: "Wewe si unasomea mawe? Na maji si yako chini ya mawe?" Hoja hiyo sikuona pa kuipinga. Tena wenzangu watatu na mimi tulikuwa tunatafuta mahali pa kufanyia utafiti wa mwaka wa mwisho, mashine tumeazima chuoni, na kiwanja cha mama ni umbali wa hatua chache kutoka kitandani kwangu.

Watu wengi wakisikia maji ya kisima huwaza mto unaopita gizani, nawe kazi yako ni kuutoboa mgongo. Dodoma hakuna kitu hicho. Chini yetu ni graniti na ndugu zake, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na graniti ikiwa nzima haipitishi hata tone. Lakini mwamba hata uwe mgumu vipi, ukikaa karibu na uso wa nchi huoza. Hivyo ndivyo tunavyosema, "umeoza", wanafunzi na wahadhiri pia. Feldispa inageuka udongo wa mfinyanzi, mika inalegea, na kwatzi inabaki peke yake ikiwa mchanga. Tabaka hilo lililooza pengine lina mita kumi, pengine hamsini, na chini yake, kabla hujafika kwenye mwamba mzima, kuna eneo lililopasukapasuka. Maji yetu yamo humo, katika mchanga wa mwamba uliooza na katika nyufa. Ndiyo maana jirani huyu anapata kisima, na wa ng'ambo ya barabara anachimba mita mia moja anatoa vumbi, kisha wanaanza kutazamana vibaya kanisani.

Nikifika hapa huwa sijui kunyamaza, mnisamehe. Kaskazini mwa mji kuna bonde la Makutupora, ambalo limeunywesha mji huu kwa miongo mingi. Huko kina cha maji katika visima kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu mwaka 1955. Watafiti walipokuja kuzichambua kumbukumbu hizo hadi mwaka 2010, walikuta kwamba mvua ya mwaka wa kawaida haiongezi karibu chochote chini. Miaka inapita, maji yanashuka taratibu, hakuna anayejali, halafu unatokea msimu mmoja wa fujo na maji yanapanda kwa kishindo. Misimu saba tu ya mvua kubwa kuliko zote ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya maji yaliyoingia ardhini katika miaka hiyo yote. Ile Elinino ya 1997 na 1998, iliyosomba reli ya kati na kuwafanya wazee wetu waikumbuke kwa laana, ndiyo hiyohiyo iliyojaza akiba chini ya bonde. Mtu anayekunywa maji ya Makutupora anaweza kuwa anakunywa mafuriko ya utoto wake. Nilipolisoma hilo nililiwaza usiku kucha. Nilipomsimulia mama, akauliza kama maji ya kwake yatatoka bombani au kwa ndoo.

Sasa mashine. Kanuni yake alianza kuifanyia majaribio Mfaransa Conrad Schlumberger mwaka 1912 huko Normandy, naye alikuwa anatafuta madini, wala si maji. Unapigilia vigingi vinne vya chuma kwenye mstari mmoja ulionyooka. Viwili vya nje vinapeleka umeme wa betri ardhini, viwili vya kati vinasoma volti. Ukigawa volti kwa mkondo wa umeme, ukazidisha kwa namba inayotokana na umbali wa vigingi, unapata ukinzani wa ardhi, na kipimo chake ni omu-mita. Kisha unasogeza vigingi vya nje mbali zaidi, umeme unazama zaidi, unasoma tena, unasogeza tena. Graniti nzima inakupa maelfu. Mwamba uliooza wenye maji unakupa makumi, pengine mia na ushee. Ikishuka chini ya kumi, shika kichwa: hapo ni mfinyanzi, au ni maji ya chumvi, na mashine haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Kitabuni mstari ulionyooka huchorwa kwa rula. Nzuguni, mita mia moja upande huu na mia moja upande ule maana yake ni banda la mbuzi, genge la nyanya, ua wa mchungaji aliyekuwa katikati ya maombi, na kijiwe cha bodaboda. Mbuzi walitafuna waya. Mchungaji alituruhusu kupita baada ya kutuombea sisi na betri. Vijana wa bodaboda walitaka kujua kama kigingi kikiachwa pale wataweza kuchajia simu.

Na ardhi ilikuwa kavu. Mwezi wa tisa udongo wa Dodoma unakauka hadi umeme unakataa kuingia, na dawa yake imo katika kila kitabu cha fani: mimina maji yenye chumvi kidogo pale kigingi kilipoingia. Kwa hiyo sisi watafuta maji tulinunua maji, dumu moja kutoka kwa kijana wa mkokoteni, kisha nikaenda dukani kwa Mangi kununua pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Mangi akaiona, na wateja waliokuwa foleni wakaiona. Mashahidi wote wa kesi hii wanaanzia pale.

Tulikuwa tumebakiza vipimo vichache, jua la saa nane likitupika visogo, Babu alipoingia na baiskeli yake.

Mama hakuwa ameniambia kuhusu Babu, mtafuta maji wa kienyeji. Alimwita "kwa usalama tu, mwanangu", ndivyo alivyoniambia baadaye, kama mtu aliyekata bima. Babu alitoa salamu, "Mbukwa," tukaitikia, akavua kandambili, akachomoa mfukoni spoku mbili za baiskeli zilizokunjwa pembe, akazishika moja kila mkono na kuanza kutembea taratibu uani. Watu waliokuwa wametuchoka wakarudi mbio. Karibu na mpapai spoku zikapishana. Akarudi nyuma, zikaachana. Akaenda tena, zikapishana. Akaweka jiwe. "Hapa," akasema, akavaa kandambili zake, akaomba maji ya kunywa. Muda wote aliotumia haukutosha kuchemsha chai.

Usiku kompyuta ilimaliza hesabu zetu. Sehemu bora ya kuchimba: hatua mbili kutoka kwenye jiwe la Babu.

Nilijaribu kuficha, ikashindikana. Mama alishangilia hadi kwa majirani. "Wote mnatumia waya," akaniliwaza kijana wa bodaboda. "Wewe wako mrefu, wake mfupi." Babu alipewa shilingi elfu hamsini na jogoo. Sisi tulipewa soda, baridi, sikatai.

Nina maelezo, bila shaka. Kiwanja chenyewe si uwanja wa mpira. Ukiondoa nyumba, choo na shimo la choo, pa kuweka jiwe hapabaki pengi. Tena Babu amezaliwa upande huu na anajua ni mti upi unabaki kijani mwezi wa kumi wakati mingine yote imekauka, na mti wa namna hiyo ni kipimo kizuri kuliko baadhi ya mashine. Mjerumani Georgius Agricola, katika kitabu chake cha uchimbaji madini kilichochapishwa mwaka 1556, aliweka picha ya watu wanaozungukazunguka na vijiti vya panda, kisha akashauri kwamba mchimbaji mwenye akili aviache, atazame dalili za ardhi yenyewe. Babu anazitazama dalili. Spoku ni za watazamaji.

Gari la kuchimbia lilipokuja nilivaa kofia ngumu na buti, nikasimama karibu ili niokote vipande vya mwamba vinavyorushwa juu na upepo wa kompresa, maana ndivyo unavyojua umefika tabaka gani. Fundi mmoja akaniita pembeni. "Dada, kaa mbali kidogo. Mwanamke akisogelea shimo, shimo linakataa." Wenzangu wavulana, ambao walikuwa hawajui hata mfuko wa sampuli uko wapi, wakaruhusiwa kuchungulia. Nimeambiwa hivyohivyo machimboni pia, kwamba mwanamke akishuka dhahabu inakimbia, nimezoea kucheka. Siku ile sikucheka. Niliokota vipande vyangu kwa kumtuma mtoto wa jirani.

Maji yakatoka. Vigelegele, Babu akabebwa juujuu. Mama akaonja, akatema, na macho ya umati mzima yakahama kutoka kwa Babu yakatua kwangu.

Babu aliulizwa, nikiri kwamba alijibu vizuri kuliko nitakavyowahi kujibu swali lolote la mtihani: "Waya zangu zinatafuta maji. Kuonja si kazi yake." Kila mtu akaridhika. Nikaulizwa mimi. Nikasema chumvi hii ni ya kale. Kwamba Dodoma inapata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, jua linarudisha sehemu kubwa angani, na kinachoachwa nyuma mwaka baada ya mwaka ni chumvi iliyotoka katika mwamba unaooza. Nikawataja Wagogo wa Bahi waliochemsha chumvi kutoka katika udongo wa mbuga yao. Nikasema misafara ya karne ya 19 ililiita pori la mashariki mwa Ugogo Marenga Mkali kwa ajili ya ubaya wa maji yake, na Stanley alipita humo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone.

"Huyo Stanley," akauliza Mangi, "alinunua chumvi dukani kwangu?"

Nikageukia hesabu. Nikasema: kisima kikitoa lita elfu moja kwa saa, na kila lita ikiwa na gramu mbili za chumvi, hizo ni kilo mbili kila saa. Pakiti yangu ya nusu kilo, hata ningeimwaga yote, ingeisha kwa robo saa, na kisima kimepigwa pampu tangu asubuhi.

"Kwa hiyo unakubali ulimwaga," akasema mama.

Lakini kuna jambo ambalo mbele yao sikulisema, na bado limenikaa kooni. Onyo la chumvi liliandikwa. Ukinzani chini ya jiwe la Babu ulishuka hadi chini ya kumi kabla ya kupanda tena, nikaandika ukurasa mzima kueleza kwamba maji yatapatikana ila huenda yakawa ya chumvi, na kwamba kabla ya kuchimba ipimwe sehemu ya pili, nyuma ya choo. Ili upate kibali cha kuchimba lazima ripoti iwe na mhuri wa mtaalamu, na mwanafunzi hana mhuri. Mwenye mhuri anakaa mjini. Hakufika Nzuguni. Alitoa jina langu akaweka lake, na ule ukurasa akauondoa kwa sababu, alivyoniambia kwa simu, "unamtisha mteja". Kwa kazi hiyo alilipwa mara nyingi ya alichopata Babu, bila kuvua viatu. Babu angalau alitembea. Nikienda kumshtaki mwenye mhuri, nitamkuta kwenye meza ya usaili siku nitakayoomba kazi, na kazi zenyewe mnajua zilivyo: darasa lililotutangulia lina vijana wanaouza vocha wakiwa na ramani nzima ya miamba ya nchi kichwani.

Mengine yanayonipata kwa kusomea mawe ni madogo. Stendi kuu, konda alinitoza nauli ya mzigo kwa begi la mawe, kisha akauliza kwa nini naleta mawe Dodoma. Viwanja vya Nanenane, niligusisha kipande cha udongo ulimini kuonyesha kwamba mfinyanzi hunata, ukanata, na aliyekuwa akitazama ni mama wa mchumba wangu. Tangu mchimbaji Laizer auze tanzanaiti zake kwa mabilioni mwaka 2020, mjomba ananitumia picha za kokoto kila Jumapili.

Asubuhi hii amenipigia jirani wa nyumba ya tatu. Naye anataka kisima. Nikachukua kalamu, nikamuuliza ukubwa wa kiwanja, akasema hapana, hapana, yeye alikuwa anaomba tu namba ya Babu. Nimempa. Kisha nikampigia Babu, nikamtajia asilimia yangu.