Ibrahimu Hakulia

Kuandika riwaya za Biblia kwa walokole ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Ndiyo mimi. Nakaa Jinja, laptopu yangu betri imekufa, inanyonya umeme ukutani. Stima ikienda, Adamu naye anaenda. Bwawa la Owen Falls liko hapo chini tangu 1954, siku hizi wanaliita Nalubaale, na giza ni langu bado. Sijui umeme unapitia wapi. Edeni nimeiweka hapa hapa. Mwanzo inataja mito minne, na ule wa Gihoni unazunguka nchi ya Kushi. Nikasema Gihoni ni Naili wetu huu, yameisha. Nani atanishtaki?

Wamejitokeza wengi. Walokole wanataka hadithi usiku na mchana. Kaini alimwoa nani kule Nodi? Simba wa safinani walikula nini? Biblia imenyamaza, mimi najaza. Kina mama wa kanisani kwetu walisikiliza Edeni, wakapiga vigelegele. Halafu mmoja akauliza tufaha liko wapi. Nikasema mama, imeandikwa tunda tu. Akaniangalia kama mwizi wa kuku. "Weka tufaha." Nimeweka.

Nuhu kulewa wakakataa katakata. Mtu wa Mungu halewi, hayo umeyatoa baa! Nikafungua Mwanzo 9: mizabibu, mvinyo, mzee kalala uchi hemani. Wakasoma. Wakarudia. Mama mwenyekiti akafunga Biblia taratibu. "Hata hivyo, toa." Yaani niliyotunga mimi yamepita yote. Yaliyotupwa ni ya Musa.

Nikaambiwa nenda Mbale, huko Agano la Kale wanalijua. Kweli wanalijua. Mji wenyewe aliuanzisha Semei Kakungulu, yule mbabe wa vita kutoka Buganda. Alilisoma Agano la Kale mpaka likamtoa kanisani. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, na hapo wakaanza Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao sinagogi lao liko Nabugoye hadi leo. Kakungulu hakuhitaji riwaya. Alisoma fanya, akafanya.

Nikaanza na Gharika. Hapo hakuna aliyenisahihisha. Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika mjini humo na watu walikufa. Walisikiliza kimya, nikasoma haraka, nikapita.

Kumbe balaa ni Ibrahimu. Mwanzo 17: mzee wa miaka 99 anatahiriwa siku moja na Ishmaeli wa miaka 13. Biblia haisemi alijisikiaje. Nikampa chozi. Moja tu! Wasomaji waguswe kidogo.

Jamani, mbele ya Wagishu, wenyeji wa Mbale! Kule kijana wa imbalu, tohara yao, anakatwa hadharani, unga usoni, amesimama wima, ukoo mzima unamkodolea macho. Akitetemeka, aibu mpaka kwa wajukuu. Mzee wa mstari wa mbele akanyanyuka. "Mwanangu, baba wa imani alilia?" Nikasema mzee, hii ni fasihi. "Alilia mstari wa ngapi?" Sina. Mwingine anataka kujua kama mwaka huo ulikuwa shufwa, maana imbalu ni ya miaka shufwa, inafunguliwa Mutoto mwezi wa Agosti. Sijui. Wa tatu anauliza nani alimpaka unga. Sijui, sijui! Agano lenyewe hakuna aliyeliulizia.

Najifuta jasho, bibi mmoja kule nyuma, sauti tamu kabisa: "Na mwandishi wetu ni mwenyeji wa wapi?" Jinja, mama. Msoga. Kimya. Sisi Wasoga, ukiacha Waislamu, kutahiri si mila yetu, na Mbale hesabu hiyo wanaifanya haraka. Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mpiga kinanda akainamia kinanda chake. "Musinde ndiye anatuandikia Ibrahimu!" Yaani asiyetahiriwa. Sikukubali, sikukana. Nilikunja karatasi. Baadaye wakaniletea malewa ya karanga, sahani imejaa, wakasema nile nipate ujasiri. Wa nini, sikuuliza. Nilikula yote.

Basi nimerekebisha. Ibrahimu amesimama wima, unga usoni, kope hazichezi. Tufaha lipo. Nuhu anakunywa soda. Kilichobaki ni mke wa Nuhu, Biblia haikumpa jina, na kila ninalompa lina mwenyewe kanisani, tena keshakasirika kwa nini nimemfungia na wanyama. Wewe msomaji, kama unajua jina la kike lisilo na mtu, si Jinja si Mbale, nitumie. Na vocha ya simu usiisahau.