Jiko Linaloomba Blanketi

Usiku mmoja Kitulo nililala na kopo la gesi kifuani. Naliungama jambo hili mwenyewe mapema, mama watoto asije akalisikia kwa watu. Kopo lenyewe ni refu na jembamba, ungelidhani la dawa ya mbu, na ubaridi wake ulipenya fulana mbili na sweta. Mtu mzima wa miaka 49, msemaji wa vikao vya harusi mtaani, nimo ndani ya hema nalibembeleza bati lipate joto, ili asubuhi likubali kunichemshia chai.

Aliyenitia humo ni mpwa wangu. Alikuja nyumbani siku moja na kimfuko kidogo, akatoa kitu kinachofanana na kizibuo cha soda, akakikunjua miguu mitatu.

"Anko, hili ni jiko. Jiko zima gramu 80."

Gramu 80 ni kitumbua. Nikamwambia basi twende Kitulo, kama jiko lenyewe ndilo hilo mzigo uko wapi? Sikujua kwamba kitumbua hicho kina familia. Jiko linataka kopo fupi la kufungwa kwa kuzungusha, na makopo ya aina hiyo kuyapata Dar es Salaam ni kazi. Yaliyojaa madukani ni haya marefu, ya majiko ya mezani. Kwa hiyo ikanunuliwa adapta ya kuyaoanisha. Adapta nayo ina miguu yake. Yakaja makopo matatu, sufuria, viberiti, kinga ya upepo. Kufika siku ya safari kitumbua kilikuwa na kilo tatu na kinabebwa na mimi.

Nilishauri tupande ndege hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, tupumzishe mgongo. Haiwezekani, kopo la gesi halipandi ndege, si mkononi wala kwenye mizigo. "Basi tutanunua hukohuko Mbeya," nikasema. Mpwa wangu akampigia mtu wake aliyeko huko aulizie dukani. Jibu likarudi: gesi ipo tele, ila mtungi wa kilo sita. Ndiyo hali ilivyo, nchi imejaa gesi lakini kila gesi na mdomo wake.

Tukaenda kwa gari. Mikumi, Iringa, Makambako, hadi Chimala, kisha tukaianza ile barabara ya kupanda Matamba ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Nilizihesabu. Ilipofika ya thelathini niliacha kuhesabu nikaanza kusali.

Kitulo ni pazuri, sitaki ugomvi na mtu. Uwanda wa juu huo, mita 2,600 hivi, wenyeji wanauita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Ila maua huchanua msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Sisi tulikwenda Julai, mwezi ambao bustani imefungwa na mwenye bustani amewasha friji. Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu.

Nikaliweka jiko chini, nikalaza kopo kwenye adapta, nikafungua. Kile kiberiti chake cha kubonyeza kikasema tak. Tak. Tak. Mpwa wangu akanieleza kwamba juu mlimani vibonyezo hivi huwa vinagoma. Nikatoa njiti. Tatu za kwanza zilikuwa na unyevu, ya nne ikakubali, na hapo ndipo moto wa manjano ulipopanda kama bendera ya taifa jipya na kuondoka na nusu ya nyusi yangu ya kulia.

"Anko, mkato! Mkato uangalie juu!"

Kumbe shingoni mwa kopo kuna mkato mdogo, upana wa ukucha. Ukilaza kopo mkato ukiwa juu, jiko linavuta mvuke. Ukiwa chini, linavuta gesi ya maji yenyewe, nayo inatoka na hasira zote. Habari hii nzito imeandikwa ubavuni mwa kopo kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Tukageuza. Moto ukawa bluu, mzuri, wa heshima, ukavuma dakika tano. Kisha ukaanza kunong'ona. Nikaligusa kopo, limeota ukungu wa barafu. Mpwa wangu, ambaye shuleni kemia aliipenda kuliko chakula, akakaa mkao wa mwalimu. Gesi ya makopo haya ya bei nafuu, akasema, ni butani karibu tupu, na butani huchemka kwenye nyuzi -0.5. Baridi ikikaribia hapo inakataa kugeuka mvuke. Propani inavumilia hadi nyuzi -42, ndiyo maana makopo ya wapanda milima huchanganywa. Halafu kila mvuke unavyotoka, kopo linazidi kujipoza lenyewe.

"Ila Anko, huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, hiyo inatusaidia kidogo."

Hicho kidogo sikukiona.

Nikafikiri kama mtu mwenye akili. Nikachukua kinga ya upepo nikalizungushia jiko pamoja na kopo lake, joto libaki humo. Mpwa wangu akairusha kinga mbali: kopo likipata moto kupita kiasi linapasuka. Haya, tuingie hemani kusiko na upepo. Hapana: hema linaweza kushika moto, na hata lisiposhika, jiko linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, tutalala tusiamke. Kwa hiyo jiko hili halitaki baridi, halitaki joto jingi, na halitaki kukaa ndani. Nina shangazi mmoja wa namna hiyo, lakini yeye akija anapika.

Dawa ikawa kulisimamisha kopo kwenye bakuli la maji vuguvugu kabla ya kulitumia. Maji vuguvugu yanatoka wapi? Kwenye jiko. Ndiyo sababu usiku nikapewa kopo nilale nalo.

Kosa la maharage nalikiri ni langu. Nilibeba nusu kilo kwa siri, maana siwezi kuishi kwa tambi za dakika tatu. Lakini kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 tu, yanatoa mapovu kwa mbwembwe huku hayana nguvu ya kulainisha kitu. Makopo mawili yakaisha, na maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto. Tuliteremka Matamba na njaa. Mama mmoja akatupokea kwa salamu ya "kamwene", akatuwekea viazi vya moto na chai ya maziwa, akaniangalia usoni kwa muda.

"Baba, hiyo nyusi imekuwaje?"

Nikamwambia ni mtindo wa mjini.

Jumapili iliyopita mtungi wetu wa nyumbani uliisha ugali ukiwa bado uji. Mama watoto akakumbuka lile kopo la tatu, akalifunga kwenye jiko barazani, mkato juu bila kufundishwa na mtu. Nje jua kali, nyuzi 32, hata kuku wamehamia kivulini. Tak moja, likawaka. Likanguruma mpaka jirani akachungulia. Ugali ukaiva mimi nikiwa nimesimama pembeni na jasho linanitiririka mgongoni.

Hapo nikalisamehe. Jiko halina ubaya wowote, linapenda joto kama mimi, na Kitulo tulipelekwa wote wawili. Baada ya kula nikalifuta vizuri nikalirudisha kwenye kimfuko chake. Mama watoto alikuwa na neno moja tu: kopo lisionekane kitandani.