Namna ya Kulipa Deni Kila Mwezi Lisiishe

Ukitaka deni likae kwako hadi majirani walijue kwa jina, usikatae kulipa. Anayekataa hufuatwa, hugombezwa, hupelekwa kwa mkubwa wa mtaa, na mambo huisha kwa namna moja au nyingine. Njia ya uhakika ni kulipa: lipa kila mwezi, kwa tarehe, kwa heshima zote, ila usiulize hata siku moja pesa yako imeandikwa kwenye deni gani. Hapa Kindu, Kongo, tuna watu waaminifu wengi wanaoufuata mwongozo huu bila kujua kwamba upo. Nauandika waziwazi kwa ajili yao, ili atakayeufuata kuanzia leo awe ameamua mwenyewe.

Jambo la kwanza, uwe na madeni mawili. Deni moja halina siri, ukilipa linapungua. Tafuta la bei nafuu na la bei kali, uyalee pamoja. Kindu hilo si gumu. Mishahara ya watumishi wa Serikali ilianza kupitishwa benki mwaka 2011, Matata Ponyo Mapon akiwa waziri wa fedha, baada ya kuwa gavana wetu wa Maniema. Lilikuwa jambo jema, kwa kuwa pesa iliyozoea kupita mikono mingi ilianza kumfikia mwenyewe kwa jina lake. Na mwenye mshahara benki anaweza kukopeshwa na benki hiyo juu ya mshahara wake. Hilo ndilo deni la nafuu.

Deni la pili lipo karibu zaidi na nyumbani, kwa yule ambaye Kongo nzima humwita Banque Lambert. Hana ofisi wala kibao mlangoni. Anakupa dola 100 leo bila fomu, mwisho wa mwezi unarudisha 130, na wapo wanaodai 150. Rehani ni kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Kadi za wateja hukaa pamoja ndani ya bahasha, zimefungwa kwa mpira, kila moja imeviringishiwa kikaratasi chenye tarakimu nne za kalamu ya bluu. Septemba, watoto wanaporudi shuleni, bahasha hiyo hunenepa. Mwalimu anayefundisha hesabu darasa la sita amekabidhi kadi yake humo, na simcheki hata kidogo, kwa sababu mtoto mgonjwa hangoji fomu ya benki.

Jambo la pili, uache mshahara uchague wenyewe. Hapa ndipo ufundi wote ulipo, kwa hiyo tuende taratibu.

Tuseme una dola 100 za benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na dola 100 za Lambert kwa asilimia 30, na riba usiyoilipa inaongezwa juu ya deni. Kila mwezi unaweza kutoa dola 50, zisizidi. Benki inajikata kwanza, kabla hujaona kitu. Mwezi wa kwanza deni la benki linafika 102, inachukua 50, zinabaki 52. Lambert ameshafika 130. Mwezi wa pili benki inabaki na dola 3 hivi, Lambert yuko 169. Mwezi wa tatu unamaliza benki, unashukuru Mungu, na dola 47 zilizobaki unampelekea Lambert, ambaye sasa anadai karibu 220. Anabaki na 173. Hesabu riba ya mwezi unaofuata: asilimia 30 ya 173 ni dola 52. Wewe unazo 50. Deni hilo halitaisha milele. Utalipa hadi ustaafu, bila kukosa hata mwezi mmoja, na kila mwezi litakuwa limekua kidogo.

Sasa geuza mpangilio, mengine yote yabaki vilevile. Dola 50 ziende kwa Lambert kwanza, benki ingoje. Lambert anashuka: 80, kisha 54, kisha 20, na mwezi wa nne amekwisha na chenji inabaki kwa ajili ya benki. Benki iliyokuwa inangoja imepanda hadi dola 108 tu. Mwezi wa sita huna deni lolote. Mtu yuleyule, dola 50 zilezile, madeni yaleyale. Mmoja anatoka kwa miezi sita, mwingine hatoki kabisa. Kilichowatenganisha ni nani aliyelipwa kwanza. Mimi hesabu hii inaniuma, kwa sababu tumewalaumu watu wengi kwamba hawajui kubana matumizi, kumbe walibana vya kutosha na pesa yao ikaenda mlango usiofaa.

Wenye kadi za mkopo ughaibuni wanaujua ugonjwa huu. Wakongo wa mashariki wengi waliofika Marekani wakipitia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wamekutana na kadi moja yenye madeni mawili ndani yake. Deni lililohamishwa kutoka kadi nyingine linaweza kupewa riba ya asilimia 0 kwa miezi kadhaa, huku mchele unaonunuliwa kwa kadi hiyohiyo ukitozwa asilimia 20 kwa mwaka. Zamani benki nyingi za huko zilipeleka malipo ya mteja kwenye deni la asilimia 0 kwanza. Mtu analipa, karatasi ya mwezi inakiri kwamba amelipa, na deni la mchele halijaguswa hata senti. Ilibidi Bunge liingilie. Sheria ya kadi aliyoitia saini Rais Obama tarehe 22 Mei 2009, ambayo kanuni yake ya malipo ilianza kazi Februari 2010, inasema kwamba kinachozidi kiwango cha chini cha mwezi sharti kiende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Uingereza nako, kuanzia mwaka 2011, deni ghali hulipwa kwanza.

Ndugu uliye Dallas au Louisville, soma hapo mara mbili: kinachozidi. Kiwango cha chini chenyewe benki ya Marekani bado ina ruhusa ya kukipeleka kwenye deni la nafuu. Anayelipa kiwango cha chini peke yake hajasaidiwa na sheria hiyo hata kidogo. Tena mwenye deni lililohamishwa ambalo hajalimaliza mara nyingi hupoteza zile siku za kununua bila riba, na kila anachonunua huanza kuzaa siku hiyohiyo. Kadi uliyohamishia deni usiitumie kununua hata kiberiti.

Huku kwetu, jambo la tatu katika kulitunza deni ni kunyamaza wakati wa kulipa. Kimya hiki ni ghali, na kinanishangaza kuliko yote, kwa sababu sheria ya Kongo ilitupa sauti tangu zamani. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotolewa enzi za Leopold II kwa kufuata Sheria za Kiraia za Napoleon za 1804, inampa mwenye madeni kadhaa kwa mdai mmoja haki ya kutamka, wakati anapolipa, ni deni lipi analolipa. Haina haja ya Bunge lingine. Inahitaji mdomo wako.

Chukua daftari la dukani, lile lenye jalada la nailoni. Juu ya ukurasa kuna jina la mama wa watoto. Chini yake sabuni, chumvi, mafuta ya mawese, vipande viwili vya kitenge, vyote bila riba. Mwisho kabisa mstari mmoja: pesa mkononi, yaani fedha taslimu alizokopa, umezungushiwa duara jekundu, kwa sababu huo ndio unaozaa. Mama anafika na franka 40,000, anazihesabu juu ya meza, anasema, “Baba, nimekuja kupunguza.” Mwenye duka anafuta sabuni, anafuta chumvi, anafuta mawese, na duara jekundu linabaki. Hajamwibia mtu. Ameambiwa apunguze, amepunguza alipopenda yeye.

Neno lililokosekana ni fupi: “Hii ni ya pesa mkononi, andika hivyo.” Ujue pia mipaka ya haki hiyo. Kama malipo hayatoshi deni pamoja na riba yake, riba ndiyo inayolipwa kwanza. Ukipokea risiti iliyoandikwa kwamba umelipa sabuni, nawe ukaiweka mfukoni, huwezi kurudi kesho kubishana, isipokuwa umefanyiwa hila. Na kama risiti haitaji deni lolote, sheria huelekeza malipo kwenye lile ambalo mdaiwa anafaidika zaidi kulimaliza, kati ya yaliyofikia muda wake. Kwa hiyo hata risiti tupu ina nafuu kuliko risiti mbaya. Soma kabla ya kukunja.

Lakini haki hiyo haivuki kutoka kwa mdai mmoja hadi mwingine, na benki inayojikata kwenye mshahara haingoji uitamkie kitu. Hapo kazi hufanyika kabla ya saini. Omba makato madogo kwa miezi mingi, ili ibaki pesa ya kumshambulia Lambert. Bora zaidi, kama benki itakubali, kopa huko kiasi cha kummaliza siku moja, urudishiwe kadi yako, ubadilishe namba ya siri kabla jua halijatua. Kwa mfano wetu, dola 200 zote zikiwa benki kwa asilimia 2, dola 50 kwa mwezi zinamaliza kazi mwezi wa tano, na umelipa dola 211 kwa jumla. Ila ukirudi kwa Lambert wiki ijayo kwa sababu kadi imerudi na mkono umekuwa mwepesi, umejenga upya yale madeni mawili, na mwongozo huu unaanza tena pale juu.

Likelemba nayo, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, ikikuangukia, zamu yako isiende kwenye deni la anayekusumbua sana kwa simu. Iende kwenye linalokua upesi. Mara nyingi hao ni watu tofauti: muuza sabuni anapiga kila asubuhi, Lambert amenyamaza kwa sababu kila siku anayongoja inamlipa.

Mwisho wa mwezi huu, kabla ya kutoa pesa mfukoni, andika madeni yako yote kwenye karatasi moja na riba ya kila moja pembeni. Litie alama lililo ghali kuliko yote. Ukifika mbele ya daftari au dirisha la benki, sema kwa sauti unalipa lipi, na usiondoke kabla halijaandikwa.