Kisiagi Kinacholipia Lami

Mimi sina gari. Pikipiki niliyowahi kununua niliiuza kabla haijaniuza mimi. Nilicho nacho ni kisiagi cha dizeli, kimefungwa kwa bolti nne kwenye sakafu ya simiti, kwenye kijia kinachoteremka kutoka soko la Kianjai. Tangu siku fundi alipokaza bolti hizo, hakijasogea hata inchi moja. Maua hakijafika. Meru hakijafika. Hata Nchiru hapo hakipajui.

Lakini barabara kinalipia.

Niligundua haya kwa sababu ya mandazi. Mama wa kibanda alinifungia mawili kwenye kipande cha gazeti, na mimi nina ugonjwa wa kusoma chochote chenye herufi. Kumbe kipande chenyewe kilikuwa kimechambua bei ya mafuta, shilingi kwa shilingi: ya kuyaleta kutoka ng'ambo, faida ya muuzaji, ushuru huu, ushuru ule. Katikati, chini ya doa la mafuta ya kupikia, palikuwa na mstari mmoja: ushuru wa kukarabati barabara, shilingi 25 kwa kila lita. Petroli 25, dizeli 25. Mandazi yalipoa mkononi.

Pampu, baite, haiulizi unakokwenda. Ukija na lori, 25. Ukija na jerikani la lita 20 limefungwa nyuma ya boda, 25 vilevile, yaani shilingi 500 za barabara ndani ya jerikani moja. Msimu wa mavuno namaliza jerikani mawili kwa wiki. Shilingi elfu moja kila wiki, kutoka kwa injini ya silinda moja inayokohoa kama babu mwenye pumu! Siku hizi nikiiwasha asubuhi naitazama kwa heshima. Kuna waheshimiwa hawajaifanyia nchi hii mengi kuishinda.

Nilimpelekea shemeji habari hizo. Yeye ana Probox ya abiria kati ya Muriri na Meru, na kwa ushuru ndiye profesa wetu. Akanieleza kwamba zamani mwenye gari alilipia leseni ya barabara na kubandika stika kwenye kioo cha mbele. Stika zikafutwa, mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta, ambayo yalikuwa yakitozwa ushuru wa barabara tangu sheria ya mwaka 1993. "Ni haki," akasema. "Anayetembea sana anachoma mafuta mengi, anaharibu lami zaidi, analipa zaidi." Nikamuuliza kisiagi changu kimeharibu lami ya wapi. Akasema hilo ni swali la watu wasio na magari.

Huyu shemeji mwaka 2024 karibu apasuke moyo. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya gari, asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Alihesabu thamani ya Probox yake mpaka akaanza kuisema vibaya hadharani ili ishuke bei. Vijana wakajaa barabarani nchi nzima, na tarehe 26 Juni Rais akasema hatautia sahihi. Shemeji akachinja kuku. Nilikula paja, nikacheka naye, nikampongeza. Mwezi uliofuata ushuru wa barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi hizo 25. Kumbe paja nililipia mwenyewe: shilingi 140 za ziada kila jerikani, na hakuna aliyeandamana kwa niaba ya kisiagi.

Na si kwamba zote 25 zinasubiri kununua kokoto. Mwaka 2025 serikali iliamua shilingi 7 kati yake ziwekwe rehani, ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo kisiagi changu sasa kina mkopo, na hakikuombwa hata kitambulisho. Zinazobaki hupitia Bodi ya Barabara ya Kenya, nayo huzigawa, na hapo kwenye kugawa magavana na wabunge wamevutana hadi kortini juu ya shilingi bilioni 10.5. Mimi na injini yangu hatukualikwa, ingawa tulichanga.

Yote haya ningeyameza kama si kile kijia. Ni mita mia mbili tu kutoka lami ya Meru–Maua hadi mlangoni kwangu. Kiangazi ni vumbi. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unageuka sabuni. Akina mama wanashuka na gorogoro zao za mahindi kichwani, mmoja anateleza, wa pili anacheka, wa tatu anageuza njia kwenda kusagiwa kwenye kisiagi cha jirani kando ya lami, ambako mtu hafiki na matope magotini. Yule jirani analipa 25 kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye ameziona.

Nimeulizia. Ofisi moja iliniambia kijia hicho si chao. Nyingine ikaniambia si chao pia, ila kwa upole zaidi. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba nina barabara yatima.

Jumatano iliyopita nilitoka petroli stesheni nikiwa nyuma ya boda, jerikani limebanwa katikati yetu kama mtoto mgonjwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. "Mzee, jishikilie," kijana akaniambia, na kabla sijajua nishike wapi, tayari tulikuwa chini sote watatu. Kifuniko kikaruka. Hadi nilipolifikia jerikani kwa magoti, lita tatu hivi zilikuwa zimemwagika, zikitandaa juu ya matope rangi za upinde wa mvua.

"Pole sana, mzee," kijana akasema.

Nikamwambia anyamaze kwanza, napiga hesabu. Lita tatu mara 25. Shilingi 75 za barabara, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue kisiagi, zote zilikuwa zimefika barabarani.